Mfunga Mkia

Barua haikuwa na jina chini yake. Bwana Mkaguzi alimwambia Dira hilo kabla hata hajamwonyesha kiti, kama mtu anayeomba radhi kwa harufu ambayo si yake.

"Haina jina," alisema, "lakini ina mambo."

Dira akakaa. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha aina ile ambayo mguu mmoja umeshachoka na unangoja mtu mzito ajichanganye. Ukutani palikuwa na ramani ya mpaka iliyochomwa pini nyekundu, na feni ya mezani iligeuza shingo huku na huku kama shahidi anayekataa kila kitu.

Dira si jina alilopewa na wazazi. Walimpa jina la bibi yake, zuri tu, lakini mji mzima ulikuwa umelisahau, na mwenyewe alilikumbuka siku za kujaza fomu. Alikuwa mwanamke mfupi, miguu kama michi miwili, mdomo usiojua likizo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitembeza wageni katika njia ya korongo. Asubuhi mnaondoka kibandani, mnashuka ngazi za mawe mpaka mtoni, mnafuata maji chini ya kuta za mwamba, mnapanda msituni penye miti ambayo watu watano wakishikana mikono hawaimalizi, na jua likianza kulegea mmesharudi, kila mtu na malengelenge yake. Mto huo ndio mpaka. "Ukikojoa huku," Dira alikuwa akiwaambia wageni, "jirani analalamika kule."

"Inasema nini?" aliuliza sasa.

"Inasema unavusha watu."

Dira akanyamaza. Waliomzoea wangejua kwamba hiyo pekee ilikuwa ni kukiri.

Ni kweli alivusha. Miaka sita nyuma ukingo uliporomoka katikati ya korongo, mvua ya wiki nzima ikachukua njia pamoja na miti yake, pakabaki ukuta ambao hata mbuzi angeomba kamba. Tangu hapo, ukifika pale unakanyaga mawe matatu makubwa, unatokea ng'ambo, unatembea kidogo ndani ya msitu wa watu, kisha unarudi kwenu juu ya gogo. Mkaguzi wa zamani alilijua. Aliwahi kuambiwa akacheka, akasema yeye macho yake yana mtoto wa jicho, haoni mbali. Sasa amehamishwa, na huyu mpya macho yake yalikuwa mazima yote mawili.

"Aliyeandika anajua," Bwana Mkaguzi aliendelea. "Kataja mawe, katoboa mpaka habari ya gogo, kahesabu hadi hatua." Aliikunja karatasi kabla Dira hajaifikia kwa jicho. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Sheria ni fupi. Mwenye kibali akivusha watu bila ruhusa, kibali kinafutwa, na kikifutwa hakirudi. Lakini sihukumu kwa karatasi. Alhamisi nitapita mwenyewe. Nimeshazungumza na wenzetu wa ng'ambo, siku hiyo tuna ruhusa yao. Uje na mwenzako."

Dira alitoka mle ofisini akiwa amesahau mkoba, akarudi kuuchukua, akatoka tena akiwa amesahau kuaga. Kibali kilikuwa ni karatasi tu, yenye muhuri na picha aliyopigwa akiwa na mafua. Lakini njia ile ndiyo iliyomfanya awe mtu. Wageni walikuwa wakimtumia kadi. Wazee walikuwa wakimpisha njiani. Bila korongo, Dira angekuwa mwanamke mfupi anayezungumza sana, na wa aina hiyo mji ulikuwa nao wa kutosha.

Moja kwa moja akaenda kibandani kwa wifi yake.

Kibanda cha njia kilikuwa cha mbao, mlangoni kuna fimbo za kutembelea zimepangwa kwa urefu, ndani mabuti ya mpira, sanduku la huduma ya kwanza, na daftari kubwa la wageni. Wifi yake alikuwa amepiga magoti akipangusa mabuti, na hata akiwa kwenye magoti alikaribia kumfikia Dira begani. Huyo ndiye Twiga. Dada wa mumewe, mtoto wa mwisho kwao. Miaka minane nyuma alirudi nyumbani kutoka kwenye ndoa akiwa na begi moja na maneno machache, na Dira ndiye aliyemwambia: kulia utalia, lakini tembea huku unalia, njoo unifungie mkia.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anatangulia, mwingine anafunga mkia, na wageni wanakaa katikati kama wali ndani ya sufuria. Wa mbele akifika kila kona anapuliza filimbi mara moja. Wa nyuma anahesabu vichwa, wakitimia anajibu mara mbili. Na wa mbele hageuki nyuma. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya kazi, kwa sababu mguu wa mbele ukikosea, mstari mzima unakosea, na jicho haliwezi kutazama pande mbili. Miaka minane Dira alikuwa ameikabidhi nyuma yake yote kwa filimbi mbili za wifi yake.

"Wifi!" Twiga aliposikia aliziba mdomo kwa mkono wenye tope. "Nani mwenye roho hiyo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi nitajuaje?" Akafikiri. "Yule mpiga picha. Si aliomba kibali mara mbili akanyimwa? Si ulimtembeza mwaka jana?"

"Alilia kwenye gogo."

"Basi! Mtu ukimwona analia anakuchukia."

Likamwingia Dira akilini, likakaa.

Nyumba ya Dira haikuwahi kuwa tupu. Mlango wake ulifungwa wakati wa kulala tu, na hata wakati huo kulikuwa na malalamiko. Jioni hiyo walikuwepo mshona nguo wa jirani, shangazi wa kuokota aliyekuja msibani miaka mitatu iliyopita akasahau kuondoka, wanawake wawili wa soko la viatu, na mumewe, Fundi, seremala, aliyekuwa akipita na birika la chai kama mhudumu wa hoteli. Kesi ya mpiga picha ikasikilizwa mle ndani kwa muda wa vikombe viwili.

"Ana macho ya barua," mshona nguo alisema. "Mimi nilishaona."

"Macho ya barua ndiyo yakoje?"

"Yanasoma hata pasipo na maandishi."

"Mwanamume anayeishi kwa kuwaambia watu watabasamu," shangazi alisema, "yeye mwenyewe hatabasamu. Tuanzie hapo."

Twiga alikuwa ameketi kwenye zulia, miguu imefika nusu ya chumba, anamenya chungwa. Akasema, "Mwacheni Mungu amlipe."

"Mungu ana foleni," alijibu mmoja wa wale wa viatu. "Dira amwanzie."

Fundi akamjazia mkewe kikombe. "Watu wabaya," alisema polepole. "Watu ni wabaya sana."

Kesho yake asubuhi Dira aliingia studio bila hodi. Mpiga picha alikuwa amemkalisha mteja mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mteja amevaa koti la studio, limembana.

"Kidevu juu kidogo," mpiga picha alikuwa akisema, na hapo hapo Dira akaanza. Alisema yote, mengine ya kweli na mengine aliyoyapata njiani. Kwamba ni nyoka. Kwamba analalamikia kibali na hata ngazi za studio yake anazishuka kinyumenyume. Kwamba mwanamume mzima anachora maporomoko kwenye kitambaa kwa kuogopa yenyewe. Watu wa dukani mkabala wakatoka nje na viti vyao.

Mpiga picha alimngoja amalize. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi.

"Barua inataja nini?" aliuliza.

"Mawe. Gogo. Na hatua umezihesabu, shetani wewe."

"Dada, mimi pale nilipita kwa makalio. Kuanzia jiwe la kwanza mpaka nilipoona kibanda. Wewe mwenyewe ulinivuta kwa kola. Nitahesabu hatua gani? Labda za makalio."

Mteja akacheka, koti likachanika kwapani. Dira akaondoka akiwa ameshinda, lakini lile neno la makalio lilimfuata mpaka nyumbani.

Alhamisi ilikuja na mawingu ya chini. Walikuwa wanne: Dira mbele, Bwana Mkaguzi, karani wake aliyekuwa amevaa viatu vya ofisini, na Twiga nyuma. Dira aliamua asiombe. Angetembea kama siku zote, huyu mtu aone kazi. Basi akamwonyesha mahali kuta mbili za korongo zinapokaribiana mpaka anga inakuwa utepe. Akamwonyesha kangaga zinazoota kichwa chini kwenye mwamba unaovuja, na mti ulioanguka ukazaa miti saba mgongoni mwake. Karani aliteleza mara tatu na mara zote akasema hajateleza. Kila kona Dira alipuliza moja, nyuma zikajibu mbili, na moyo wake ukatulia kwa sauti ile kama mtoto aliyepapaswa mgongo. Hata nikipoteza, aliwaza, sitapoteza peke yangu.

Wakafika penye mporomoko. Bwana Mkaguzi aliutazama ule ukuta mtupu kwa muda mrefu.

"Hapa hapapitiki," alikiri.

"Hata mjusi anaaga kwao kwanza."

"Na kwa nini hukuandika, ukaomba?"

Dira akakanyaga jiwe la kwanza. Alikuwa ameona kucheka kwa yule mkaguzi wa zamani kuwa ni muhuri. Wakavuka mawe matatu.

Ng'ambo kulikuwa na ukungu. Pale siku zote upo, kwa sababu maji yanaanguka karibu na kurusha mvuke msituni, na siku za mawingu huoni hata mkono wako. Njia inapita ukingoni, kisha unakata kushoto kulifuata gogo. Ukikata mapema, unatumbukia kwenye kidimbwi kirefu.

"Hapa macho tunayaweka mfukoni," Dira alimwambia mkaguzi. "Tunahesabu. Shika mkoba wangu."

"Hatua ngapi?"

"Zangu mia mbili na tatu. Zako sizijui. Kila mtu hesabu yake iko miguuni mwake."

Wakaenda, Dira akihesabu moyoni, mkaguzi akihesabu kwa kunong'ona. Kwenye mia mbili na tatu Dira akanyoosha mkono kushoto, na gogo likawa pale lilipo siku zote, limelowa, lina kuvu.

"Mia moja themanini na sita," alisema Bwana Mkaguzi, amefurahi kama mtoto aliyepata hesabu. Akatoa barua mfukoni, akaikunjua, akaiweka karibu na pua kwa ajili ya ukungu. "Huyu wetu kasema mia moja sabini na nne. Kaandika kama ndio urefu wa mahali. 'Kipande cha hatua mia moja sabini na nne ndani ya nchi ya jirani.' Basi kakosea, au ana miguu mirefu kuliko mimi." Akasoma tena chini. "Na anamalizia hivi: 'Wageni wasikose njia nzuri kama hii, yupo mwingine anayeijua.'"

Alisema hivyo hivyo tu, kwa mzaha, kama anavyosema mtu ambaye yuko safarini na amekwisha kuanza kuwapenda wenzake.

Dira alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye gogo. Akauondoa. Miaka sita nyuma, ukingo ulipoporomoka, alimleta Twiga mahali hapa siku kumi mfululizo, akampitisha na kumrudisha, mpaka miguu yake ikapata hesabu yake na kuishika. Mwezi mzima Twiga aliitamka ile namba jikoni akikata vitunguu, akaitamka bafuni, mpaka Fundi akasema nyumba hii sasa ina wimbo wa taifa. Mia moja sabini na nne. Kwa Dira ilikuwa hesabu ya miguu ya mtu mmoja duniani. Kwa mwenye miguu, baada ya miaka yote hiyo, namba ilikuwa imegeuka kuwa urefu wa mahali penyewe.

Dira akageuka nyuma.

Karani alikuwa akitoka kwenye ukungu, anatetemeka. Nyuma yake akatokea Twiga, kwanza kichwa juu ya ukungu, kisha mabega. Midomo yake ilikuwa bado inacheza, inamalizia. Alimwona Dira anamtazama, na uso wake ukashangaa kwanza, kwa sababu hakuwahi kuuona uso ule kutoka pale aliposimama.

"Ngapi, wifi?" Dira aliuliza.

"Nini?"

"Umepata ngapi?"

"Sabini na n…" Akaziba mdomo kwa mkono. Lakini ilikuwa imetoka, na maneno ni kama maji, huyazoi.

Maji yakanguruma. Bwana Mkaguzi alitazama karatasi, akatazama miguu ya Twiga, akaikunja karatasi taratibu. Hakuwa mjinga. Ila alikuwa ni mtu wa sheria, na akaenda penye sheria.

"Na wewe ulikuwa ukivuka siku zote hizo?"

Hapo Dira alingoja. Baadaye, alipokuwa akiisimulia, alisema kwamba barua angeweza kuisamehe. Barua mtu anaandika akiwa na hasira, peke yake, kalamu inamkimbia. Lakini pale walikuwa wamesimama, wanatazamana, na kulikuwa na nafasi ya neno moja.

"Mimi ni mkia, Bwana Mkaguzi," Twiga alisema. "Mkia unakwenda unakokwenda mwili."

Karani akaandika. Mkaguzi akavua kofia, akaivaa tena.

"Kibali kilikuwa cha mmoja," alisema. "Na sheria inamshika mwenye kibali. Wenzetu wa ng'ambo wako tayari tupitishe njia hapa rasmi, kwa maandishi. Njia haitafungwa. Ila wewe, mama, kuongoza basi. Nasikitika."

Walirudi kibandani, filimbi haikupulizwa hata moja. Wanaume walipotangulia kwenye ngazi za mwisho, Twiga alimfikia Dira kwa hatua mbili zake.

"Mwaka juzi nilikuomba nitangulie. Siku moja tu. Unakumbuka ulisema nini?"

Dira hakukumbuka.

"Mbele ya wageni kumi na wanne. Ulisema, Twiga akitangulia, mto hamtauona, mtaona mgongo."

"Ulikuwa utani."

"Walicheka wote."

"Hata wewe ulicheka!"

"Ningefanya nini?" Twiga akasimama, akainama ili nyuso zao zilingane. Hakuwahi kufanya hivyo kwa Dira. Alikuwa akiwafanyia watoto wa wageni. "Miaka minane naona visogo, wifi. Nakijua kisogo cha kila mtu aliyepita hapa. Wewe unapigwa picha kwenye gogo, mimi nabeba buti la mtu lililopasuka. Kwenye daftari wanaandika, asante Dira. Fungua uone kama kuna asante Twiga."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukawachekesha watu."

Dira alitaka kumpiga, na hakumfikia pa kupiga. Akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani walikuwa wamejaa tayari, mlango wazi, wote wanangoja habari. Dira akaisimulia akiwa amesimama, hakuvua buti. Alipofika kwenye namba, mshona nguo alipiga yowe akaangusha sindano, na shangazi akaanza kumtoa Twiga kwenye ukoo kwa majina, ingawa yeye mwenyewe hakuwa wa ukoo huo. Kila mtu alikuwa na methali yake na zote zilikuwa za nguoni na chawa. Dira akawaacha, akatoka uani kwa mumewe.

Fundi alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda cha mtu. Maranda yalikuwa yanatoka marefu, yanajikunja.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni dada yako."

"Nimesikia, mke wangu." Randa haikusimama. "Alisema watakupa onyo tu. Wakuonye, wakigawe kibali kwenu wawili, mtangulie kwa zamu. Nami nilimwambia, ile sentensi ya mwisho usiiweke. Ile ya kusema yupo mwingine. Nilimwambia itakuwa mbaya."

Mle ndani Dira alikuwa amesimulia namba na mkia na mwili. Sentensi ya mwisho ya barua hakuisimulia. Ilimchoma mno.

"Ulijua lini?"

Randa ikasimama. Fundi alipuliza vumbi kwenye ubao, pasipokuwa na vumbi.

"Kabla haijaenda."

Basi alijua alipokuwa akimjazia kikombe. Alijua aliposema watu ni wabaya. Alilala upande wake wa kitanda kila usiku, akaamka, akamwuliza kama anataka yai. Dira alijaribu kutafuta siku moja kati ya hizo ambayo mumewe alikuwa na uso tofauti, asiipate. Hilo lilimtisha kuliko yote. Uso wa uongo ulikuwa ule ule wa siku zote.

"Ni mdogo wangu," Fundi alisema. "Alirudi na begi moja. Wewe una kila kitu, watu wanakupenda. Nilidhani… wewe ungesimama tu. Wewe huanguki."

Dira akarudi ndani, akawaambia watu waende makwao. Saa kumi ya jioni, jua lipo, mlango ukafungwa. Nje watu walisimama wakiutazama, maana hawakuwa wamewahi kuuona kwa upande ule, na mshona nguo akagundua kuwa una rangi ya kijani.

Ijumaa alikwenda kwa mpiga picha kuomba radhi. Akatukana kidogo kwanza, kwa mazoea, kisha akaomba. Mpiga picha alisikiliza, akasema amesamehe, lakini ilikuwa afadhali amsamehe mbele ya watu wale wale waliosikia matusi, kwa hiyo akamfuata mpaka nje penye viti. Dira akarudia, kwa sauti. Wenye viti wakapiga makofi.

Jioni Twiga akaja. Hakuingia, alisimama kizingitini ameinamisha kichwa, mlango ule haukuwahi kumtosha. Kibali kipya alikuwa nacho, amekitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Kesho nina wageni kumi na wawili," alisema. "Mkaguzi kasema bila wa nyuma hakuna safari. Na njia hakuna mwingine anayeijua." Akaukunja mfuko. "Wifi. Njoo unifungie mkia. Mpaka nipate mtu."

Fundi, aliyekuwa amelala uani kwenye maranda tangu jana, alisogea karibu. "Sisi ni nyumba moja," alisema. "Yamalizwe humu humu."

Dira aliwatazama, mmoja mrefu mlangoni, mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, pua zao moja. Hakuwahi kuona jinsi wanavyofanana.

"Mtafute wa damu yako," alimwambia Twiga. "Huyu hapa. Anajua kunyamaza, na kazi ya nyuma ndiyo hiyo."

Jumamosi asubuhi wageni walifika kibandani, wakachagua fimbo, wakavaa mabuti. Twiga alikuwa mbele, filimbi shingoni, anawaeleza habari ya mto kwa maneno ya Dira, hata ule utani wa kukojoa, na watu wakacheka pale pale wanapocheka siku zote. Nyuma alisimama Fundi mwenye magoti mabovu, anahesabu vichwa kwa kidole. Akapata kumi na watatu. Akahesabu tena.

Dira alikuwa ameinamia daftari la wageni. Aliandika jina lake, lile la bibi yake, ambalo Twiga ilimbidi alisome mara mbili. Kwenye safu ya kazi akaandika: wifi wa kiongozi, mke wa mkia.

"Wewe si umekatazwa kuongoza?" Twiga alisema, sauti chini.

"Kuongoza. Nani kanikataza kutembea?" Akachukua fimbo fupi kuliko zote. "Mimi mgeni. Endelea, kiongozi, tunachelewa."

Akajipanga katikati, wa saba. Ngazi za mawe zikashuka, baridi ya mto ikapanda kuwapokea. Mbele yake, juu ya vichwa sita, mgongo mrefu wa Twiga ulikuwa umekaza kama ubao. Nyuma, baada ya vichwa sita vingine, alizisikia pumzi za mumewe, fupifupi, na alijua bila kugeuka kwamba anamtazama kisogo, na kwamba atakitazama mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia neno. Hakuwasemesha. Alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo tu, watembee naye siku nzima yupo kati yao, na kila wakileta wageni atakuwepo, ameandikwa daftarini, na fimbo yake.

Pale kuta zinapokaribiana, mwanamke mmoja mzee aliyekuwa nyuma yake, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimgusa bega.

"Samahani, mwanangu. Unatembea kama unapajua. Umewahi kupita huku?"

Dira alifikiri. Mto ulikuwa upande wa kulia, unapita katikati ya nchi mbili bila kuuliza mtu.

"Hapa katikati?" alisema. "Hapana, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza."